Baiskeli au Gari kwa Safari ya Kazini Dar es Salaam: Njia Unayopita Ndiyo Inayoamua

Mkazi wa Dar es Salaam anayefanya kazi katikati ya jiji, akianza kulinganisha baiskeli na gari, mara nyingi huanzia kwenye fedha. Si vibaya, ila upande huo jibu linajulikana kabla hata ya kupiga hesabu, na ndiyo maana haliamui chochote. Kinachomtenga mtu anayeweza kuliacha gari nyumbani na yule asiyeweza ni njia anayopita: upana wake, kasi ya magari yanayoitumia, na kama pembeni mwake kuna nafasi ambayo bodaboda hawajaifanya kuwa yao. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana gari, au anayefikiria kukopa ili anunue la kwanza, na ambaye kazi yake iko kati ya kilomita 3 na 15 kutoka anapolala. Anayetoka Kibaha au Bunju kila asubuhi hana haja ya kujisumbua na swali hili. Kwake baiskeli ni chombo cha mapumziko ya Jumapili.

Fedha, kwa kifupi

Tuchukue safari ya Mwenge hadi Posta, ambayo ni takribani kilomita 9. Kwenda na kurudi ni kilomita 18, na kwa siku 22 za kazi katika mwezi zinakuwa 396. Gari dogo, kama hizi IST na Vitz zilizojaa mjini, likiwa kwenye foleni tulikadirie kilomita 10 kwa lita moja, yaani karibu lita 40 kwa mwezi. Tukiiweka petroli kwenye shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, tunapata shilingi 120,000 za mafuta peke yake. Bei halisi hupanda na kushuka kila EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na waliokuwa wakiendesha mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga soko la mafuta duniani, wanakumbuka jinsi bei ya Dar es Salaam ilivyovuka hiyo 3,000. Juu ya mafuta kuna kumwaga oili, brekipedi, matairi, maegesho ya mjini na bima.

Baiskeli ya mtumba iliyo nzima hununuliwa kwa fedha ya petroli ya miezi michache ya hesabu hiyo, na baada ya hapo matumizi yake ni viraka, tyubu, na cheni mpya mara moja moja. Hakuna haja ya kurefusha.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kwamba akiba haifanani kwa watu wote. Mwenye gari tayari, akianza kupanda baiskeli siku tatu kwa wiki, ataokoa mafuta na uchakavu, lakini bima itabaki ileile na gari litaendelea kuzeeka hata likiwa limeegeshwa uani. Anayo nafuu moja ndogo: tangu Julai 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na makato yake yakahamishiwa kwenye mafuta, hivyo asiyejaza mafuta halipi. Akiba kubwa ni ya yule ambaye hajanunua bado. Kwake baiskeli haishindani na lita 40 za petroli, inashindana na mkopo mzima, riba yake, na sevisi zote zitakazofuata.

Muda

Mtu wa kawaida asiye mwanamichezo, akiwa kwenye barabara tambarare, huendesha baiskeli kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa. Mwenge hadi Posta, kwa hiyo, ni kama dakika 36 hadi 40. Gari likiondoka saa tatu usiku litaiacha baiskeli mbali sana. Likiondoka saa moja asubuhi, siku ya Jumatatu yenye mvua na msafara wa kiongozi, hakuna anayeweza kukuambia litafika saa ngapi, na hilo ndilo tatizo lake kubwa. Kasi ya baiskeli ni ndogo lakini haibadiliki. Mtu anayejua kuwa hutumia dakika 40 anaweza kupanga asubuhi yake kwa dakika 40. Mwenye gari hulazimika kupanga kwa kufuata siku mbaya kuliko zote, na ndiyo sababu watu wengi wa Mbezi na Tegeta huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, wakafika kazini mapema mno, kisha wakalala ndani ya gari hadi ofisi ifunguliwe. Usingizi huo nao ni sehemu ya muda wa safari, ingawa hakuna anayeuhesabu.

Kwa upande wa baiskeli lazima tuongeze dakika za kujifuta jasho na kubadili nguo. Tukiongeza robo saa, baiskeli bado inashinda au inatoka sare na gari katika saa za foleni kwa safari isiyozidi kilomita 8 hadi 10. Kuanzia hapo mambo hubadilika. Kimara ni kama kilomita 15 kutoka Posta na ina milima yake, kwa hiyo anayekaa huko atatumia zaidi ya saa nzima kurudi nyumbani jioni akiwa amechoka, huku mabasi ya mwendokasi yakipita pembeni yake kwenye njia yao wenyewe. Kwa mtu huyo ningesema wazi kwamba chaguo zuri ni basi, na baiskeli imfikishe kituoni tu, ilimradi ana mahali pa uhakika pa kuifunga.

Usalama, ambapo gari linashinda

Hapa ndipo watetezi wa baiskeli huongea harakaharaka, nami naona ndipo panapofaa kukaa. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2023 zinaonyesha kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Waendesha baiskeli ni kama asilimia 6. Asilimia hiyo inaonekana ndogo, lakini katika miji mingi wanaopanda baiskeli ni wachache pia. Aliye ndani ya gari ana mkanda na bodi ya chuma inayomeza kishindo. Aliye juu ya baiskeli ana helmeti, kama ameinunua.

Kwa hiyo swali haliwezi kuwa kama baiskeli ni salama kuliko gari. Si salama kuliko gari. Swali ni kama njia yako inapunguza hatari hiyo hadi kiwango unachoweza kukikubali, na barabara za Dar es Salaam zinatofautiana sana katika hili.

Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi mjini, ilijengwa upya kwa ajili ya awamu ya kwanza ya mwendokasi, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, na mradi ule uliweka njia za waenda kwa miguu na za baiskeli kandokando yake. Kwa mtu anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo au Posta, hii ndiyo zawadi kubwa ambayo jiji limempa. Zawadi yenyewe ina kasoro. Njia hukatika kwenye makutano, pengine bila alama yoyote ya kumwonyesha dereva kuwa kuna mtu atakayevuka. Machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara mwishoni mwa mwaka 2021, lakini pahala pakiachwa wazi mjini hapakai wazi. Akiondoka mwenye meza huja mwenye bodaboda. Hata hivyo, kugombana na bodaboda aliyeegesha ni jambo la kuudhi, wakati kubanwa na lori ni jambo la kifo, na mpangaji makini hutofautisha hayo mawili.

Barabara ya Mandela iko upande wa pili wa mizani. Ni njia ya malori yaendayo na kutoka bandarini, na dereva wa lori refu anapokata kona kushoto hawezi kumwona aliye ubavuni mwake. Singemshauri mtu yeyote aifanye barabara hiyo kuwa njia yake ya kila siku, hata kama ndiyo fupi kuliko zote, na hata kama wapo wauza mkaa wanaoipita kila alfajiri wakiwa na magunia. Wao hawana chaguo jingine. Mwenye gari analo.

Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na mwendelezo wake wa Bagamoyo iko katikati. Mahali pengi hatari yake haitokani na mwendo mkali, inatokana na mabavu ya foleni. Dereva aliyechoshwa na foleni hutanua, yaani huacha njia yake na kupita pembeni kushoto kabisa, na pembeni huko ndiko mwendesha baiskeli aliko. Daladala nayo hutoka njia ya kulia na kuchomekea kuingia kituoni bila kuwasha taa, kwa sababu konda ameona abiria wawili. Mwendesha baiskeli mzoefu huitambua daladala inayotaka kusimama kabla haijapunguza mwendo: konda huchungulia mlangoni na kupiga bodi ya gari kwa kiganja. Ukilisikia kofi hilo mbele yako, usijaribu kuipita kushoto. Subiri nyuma yake, au uipite kulia baada ya kuangalia kuwa hakuna kinachokuja. Barabara hii imekuwa pia katika ujenzi wa awamu ya nne ya mwendokasi, na kila mahali penye ujenzi njia hubadilika bila kumuuliza mtu.

Kuna njia ya kuzikwepa barabara kuu kwa sehemu kubwa ya safari, nayo ni mitaa ya ndani. Kutoka Mwenge mtu anaweza kupita Kijitonyama, Mwananyamala na Kinondoni kwenye mitaa yenye matuta, watoto, na bajaji za mwendo wa pole, ambako gari halina faida yoyote juu ya baiskeli. Safari huongezeka kilomita moja au mbili, lakini aina ya hatari hubadilika kabisa. Kikwazo ni bonde la Msimbazi. Yeyote anayekwenda mjini kutoka kaskazini, au kutoka upande wa Ubungo na Kimara, lazima alivuke, na sehemu za kulivukia ni chache, zikiwemo Daraja la Selander, Daraja la Tanzanite, Jangwani kwenye Barabara ya Morogoro, na Barabara ya Kawawa kati ya Magomeni na Ilala, pamoja na njia ndogo za Kigogo. Hapo mitaa ya ndani huisha na kila mtu hukusanywa kwenye daraja moja. Ukitaka kupima kama baiskeli inakufaa, usiipime safari nzima. Kipime kwanza kivuko chako cha Msimbazi. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina njia za waenda kwa miguu pande zote mbili, na mtu akishuka akaikokota baiskeli yake juu ya njia hizo atapoteza dakika chache tu na kuvuka bila wasiwasi. Jangwani kuna balaa jingine: mvua kubwa zikinyesha mto hufurika na barabara hufungwa, na siku hiyo gari na baiskeli hugeuzwa pamoja.

Giza lina hesabu yake. Anayetoka kazini saa kumi na mbili na nusu jioni hukutwa na giza njiani mwaka mzima, kwa sababu jua letu huzama karibu na saa hiyo bila kujali msimu. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na fulana ya kung'aa si mapambo. Asiyekuwa navyo abaki na gari hadi atakapovinunua.

Mwili na jasho

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mtu wa Mwenge katika mfano wetu hutumia dakika 72 kwa kwenda na kurudi, hivyo siku mbili za baiskeli zinamfikisha karibu na kiwango cha chini na siku tatu zinampitisha, bila kulipia gym wala kuamka kukimbia ufukweni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia zaidi ya watu 260,000 nchini Uingereza, ulikuta kwamba waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41 ikilinganishwa na waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Matokeo ya namna hiyo hayathibitishi kwamba baiskeli pekee ndiyo sababu, maana wanaochagua kuendesha huenda walikuwa na afya njema tangu mwanzo, na barabara za Uingereza si za kwetu. Lakini kwa mtu anayekaa kwenye gari, kisha kwenye kiti cha ofisi, kisha kwenye kochi, na ambaye daktari ameshamtajia sukari au shinikizo la damu, hoja hii ina uzito kuliko ile ya petroli.

Moshi wa barabarani hutajwa mara kwa mara kama sababu ya kubaki ndani ya gari. Mwendesha baiskeli anavuta pumzi nyingi zaidi, hilo ni kweli, ila anayekaa kwenye foleni nyuma ya daladala inayofuka moshi huvuta hewa hiyohiyo kupitia matundu ya gari lake, na kwa muda mrefu zaidi. Mitaa ya ndani humnusuru mwendesha baiskeli hapa pia. Na kuhusu moshi anaoutoa mtu mwenyewe, kila lita ya petroli hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa, hivyo zile lita 40 ni kilo 92 kwa mwezi.

Jasho ndilo linalowashinda wengi. Kati ya Desemba na Machi joto hupita nyuzi 30 na unyevunyevu wa bahari hauruhusu kitu kukauka. Anayevaa suti au anayekutana na wateja saa mbili asubuhi anahitaji bafu kazini, au angalau choo chenye nafasi, taulo na shati la pili kwenye droo. Kama ofisi haina hata hilo, gari linashinda na hakuna aibu kulikubali. Kwa mwanamke mwenye gauni, baibui au kitenge, baiskeli za mtumba kutoka Japani zenye fremu ya chini na kifuniko cha cheni humaliza nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni macho ya watu, ambayo hayana kifuniko.

Heshima nayo ina bei mjini hapa. Shinyanga na Tanga mtu wa rika na cheo chochote akipanda baiskeli hakuna anayegeuka kumtazama, lakini Dar es Salaam baiskeli imeachiwa muuza samaki na mlinzi wa usiku, na mlinzi wa geti la ofisi anaweza kukuelekeza mlango wa mizigo. Sioni sababu ya kumcheka anayejali hilo. Kuna kazi ambazo mteja huanza kukupima kabla hujashuka, na dalali wa viwanja akifika kwa baiskeli atauza kwa shida.

Kuchagua baiskeli yenyewe

Ukiamua kujaribu, nunua baiskeli ya kufanyia kazi, si ya kupendeza. Phoenix ya fremu nzito hubeba mzigo na kila fundi anaijua, lakini kwenye mlima wa Kimara utashuka ukokote. Ya mtumba yenye gia inafaa zaidi kwa safari ya kazini. Ukiwa dukani, inua gurudumu la nyuma ulizungushe huku ukiitazama rimu inavyopita katikati ya raba za breki. Ikiyumba upande huu na upande ule, spoki zimelegea au rimu imepinda. Shika cheni pale inapozunguka jino kubwa la mbele uivute kwako; ikinyanyuka hadi meno yaonekane chini yake, imekwisha, na huenda imeshayala meno yenyewe. Kagua tairi pembeni kama lina nyufanyufa, kwa sababu baiskeli nyingi zimekaa miaka bila kutembea na raba imekauka. Kisha, kabla ya kulipa, muulize fundi wa mtaani kwako kama anapata tyubu za saizi hiyo, maana baiskeli nzuri isiyo na tyubu mjini hukaa ukutani. Weka bajeti ya kufuli nzito; baiskeli huibwa kwa wepesi ambao gari haliwezi kuibwa, na wengi hawana bima ya kuirudisha.

Nani achague nini

Anayeishi ndani ya kilomita 8 kutoka kazini, akawa na mitaa ya ndani na kivuko cha Msimbazi kinachopitika, ningemwambia aipe baiskeli siku tatu za wiki na gari libaki kwa siku za mvua, soko, na safari za watoto. Gari halina mpinzani pale panapohitajika kupeleka mgonjwa usiku, kubeba mifuko ya saruji, au kusafiri na bibi kwenda kijijini. Anayelazimika kupita Mandela, au Nyerere kwa sehemu ndefu, atumie basi au gari, na asikubali kushawishiwa na makala yoyote, hii ikiwemo.

Familia yenye gari moja inayowaza la pili ndiyo ningeishauri kwa nguvu zaidi. Gari la pili mara nyingi hununuliwa kwa ajili ya safari moja fupi inayojirudia, na safari hiyohiyo ndiyo inayoifaa baiskeli. Kabla ya kusaini mkopo, nunueni baiskeli na mwipe msimu mmoja kamili wenye masika ndani yake. Ipitieni njia Jumapili asubuhi barabara zikiwa tupu, kisha siku ya kazi saa moja asubuhi, kisha jioni gizani, kwa kuwa hizo ni barabara tatu tofauti. Jaribio lianze Februari, joto likiwa bado kali na njia kavu, ili mvua za Machi zikishuka muwe mnajua tayari ni mtaa gani hujaa maji na ni upi hupitika.